SOMA KITAWI KABLA HUJAKATA

Somo la kutambua miti kwa majani na matawi yake, kwa wakulima wa skimu za Muhoroni, Koru, Songhor na Ahero



Katika ua wa kiwanja kimoja tu cha skimu huenda ukakuta miti kumi ya namna mbalimbali. Mmoja ni chakula cha ng'ombe, wa pili ni mbolea, wa tatu ni nguzo za nyumba, na wa nne ni sumu iwezayo kuua ndama au mtoto. Yote ina majani ya kijani, na ukiitazama kwa mbali yote hufanana. Maua na matunda yangetusaidia kuitofautisha, lakini hayo huonekana kwa majira yake tu. Kitawi chenye majani huonekana karibu siku zote za mwaka. Kwa hiyo mkulima anayejua kusoma kitawi ana kitabu ambacho hakifungwi.

Jambo hili lina haja kubwa kwetu. Wazee wetu wengi walipewa viwanja hivi katika miaka ya 1960, na baadhi yao walikuta nyua na miti ambayo hawakuipanda wao. Siku hizi nasi twahimizwa kupanda. Mwezi wa Desemba 2022 Serikali ilianzisha mpango wa kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, na miche inauzwa kila mahali, hata kando ya barabara. Wengi wetu hununua mche kwa jina alilolitaja muuzaji, bila kuutazama. Jina laweza kukosewa. Kitawi hakisemi uongo.

Kwa somo hili unahitaji kisu kikali, daftari, na mtoto wa shule wa kukusaidia kuandika. Onyo moja la kwanza: katika kujifunza miti usionje jani lolote kwa ulimi. Tazama, gusa, vunja, nusa; lakini usile.

1. Anza na muwa unaoujua

Mkulima wa Muhoroni au Chemelil hahitaji kufundishwa muwa. Wajua kwamba muwa una mafundo, na katikati ya fundo na fundo kuna pingili. Wajua pia kwamba kwenye fundo, pale jani liliposhikilia, pana jicho. Ukikata kipande chenye jicho zima na kukizika, mmea mpya utaota. Kipande kisicho na jicho ni kazi bure.

Sasa chukua kitawi cha mti wowote. Nacho kina mafundo na pingili vilevile. Kwenye kila fundo limeota jani, na penye pembe kati ya jani na kitawi pana jicho dogo, mara nyingine kama punje ya mtama, mara nyingine dogo zaidi. Jicho hilo ndilo litakalokuwa tawi au ua kesho.

Hii ndiyo kanuni kuu ya somo letu, nayo yafaa uikariri: JANI HUANZIA PENYE JICHO. Kipande cha kijani kisicho na jicho chini yake si jani zima, bali ni sehemu tu ya jani. Ukiishika kanuni hii, mambo mengine yote yatakuwa mepesi.

2. Jani moja, au vijani vingi?

Chuma jani la mwembe. Fuata kikonyo chake mpaka kwenye kitawi, utaona jicho. Basi kile ulichoshika ni jani zima, nalo ni bapa moja tu. Hali kadhalika jani la mpera, la mparachichi na la mkuyu. Haya twayaita majani mamoja.

Sasa nenda kwenye mkwaju, ambao Waluo huuita chwaa. Utaona vipande vingi vidogo vimepangwa pande mbili za uti mmoja kama manyoya ya ndege. Tafuta jicho chini ya kila kipande kidogo; halipo. Fuata uti mpaka mwanzo wake kwenye kitawi. Jicho li hapo. Basi uti wote pamoja na vipande vyake ni jani moja, na vipande ni vijani.

Miti mingine hugawa jani mara mbili: uti mkubwa huzaa nyuti ndogo, na nyuti ndogo ndizo zinazobeba vijani. Mgunga ni wa namna hiyo, na ober pia, ule mti mkubwa wenye kivuli kizuri ambao huachwa mashambani.

Tofauti hii ya mgawo mmoja na migawo miwili si mchezo wa darasani. Itazame kwa mwarobaini. Mwarobaini wa kweli una jani lililogawanyika mara moja tu: uti mmoja, na vijani vyenye meno ya msumeno vilivyopinda kidogo kama mundu. Lakini upo mti mwingine wa ukoo huohuo, melia, uliopandwa sana kwa kivuli katika miji na maboma, wenye maua ya rangi ya zambarau hafifu na matunda ya manjano yakaayo mtini kwa vichala. Vijani vyake navyo vina meno, na wako watu wauitao mwarobaini vilevile. Jani lake, hata hivyo, limegawanyika mara mbili, na mara nyingine mara tatu. Matunda ya melia ni sumu kwa mtu na kwa nguruwe. Mtu akichemsha dawa au kutwanga dawa ya kunyunyizia sukuma wiki, na yawe yametoka kwenye mti asioujua, anacheza na hatari. Kufuata uti mpaka kwenye jicho ni kazi ya nusu dakika, nayo yatosha kuitenga miti hii miwili.

3. Majani yamesimama vipi juu ya kitawi?

Baada ya kujua jani ni lipi, tazama yamepangwaje. Kuna namna tatu.

Ya kwanza, majani hupishana: moja upande huu, la pili mbele kidogo upande mwingine, au kwa kuzunguka kitawi kama ngazi ya mviringo. Miti mingi ni ya namna hii.

Ya pili, majani hukabiliana: kila fundo hubeba mawili, moja likilitazama lingine. Mpera ni mfano mwema. Kahawa ya Koru pia. Ukiutazama mkahawa kwa makini, kati ya vikonyo viwili utaona kijigamba kidogo chenye ncha, pande zote mbili za kitawi. Kijigamba hicho ni alama ya ukoo mzima wa kahawa. Mviru wa porini unacho pia, nao ni ndugu wa kahawa.

Ya tatu, majani matatu au zaidi hutoka kwenye fundo moja na kulizunguka. Mwegea, yule wenye matunda makubwa kama soseji, ambao Waluo huuita yago, mara nyingi hubeba majani yake matatu matatu.

Utaiona faida ya jambo hili hata mjini Kisumu. Mjakaranda na mkrismasi wa maua mekundu yote miwili ina majani yaliyogawanyika mara mbili, yenye vijani vidogo sana, na isipokuwa na maua watu huichanganya. Tazama kitawi: mjakaranda hukabilisha majani, mkrismasi huyapishanisha. Kwisha.

Hata siala, mti wetu wa nguzo za nyumba, waweza kuujua hivi. Majani yake hukabiliana, kila jani lina vijani vikubwa vichache pamoja na kimoja cha mwisho, na penye shina la kikonyo aghalabu kuna vijani viwili vya mviringo kama masikio.

Lakini uangalie umri. Mkaratusi ukiwa mche hukabilisha majani yake, nayo huwa mapana. Ukikua, majani huwa marefu membamba, na hupishana. Mtu asiyejua hudhani ameuziwa mti mwingine. Basi ulinganishe mche na mche, na mti mzima na mti mzima.

4. Miiba na tezi

Mwiba nao una asili yake. Kwenye mchungwa na mlimau mwiba hutoka pembeni mwa jicho, yaani ni kitawi kilichogeuka kuwa mwiba. Kwenye migunga mambo ni mengine. Baadhi ya migunga ina miiba iliyonyooka, miwili miwili, mmoja kila upande wa kikonyo. Mingine ina vimiiba vifupi vilivyopinda kama kucha za paka, vilivyoota kutoka kwenye gome. Wataalamu waliitambua tofauti hii zamani. Mwaka 2005, katika mkutano wa wataalamu wa mimea uliofanyika Vienna, iliamuliwa kwamba jina Acacia libaki na miti ya Australia. Sasa migunga yetu ya miiba iliyonyooka huitwa Vachellia, na ile ya kucha huitwa Senegalia. Mchungaji wa Kano aliyechanwa shati na kucha za Senegalia alikuwa amekwisha kuijua tofauti hiyo kabla ya mkutano.

Mjunju, ambao Waluo huuita othoo, huvumilia udongo mweusi wa tambarare za Kano unaopasuka wakati wa kiangazi. Una miiba mirefu ya kijani iliyonyooka, na kila jani lina vijani viwili tu. Hakuna mti mwingine wa huku utakaouchanganya nao ukizikumbuka dalili hizo mbili pamoja.

Sasa tuje kwenye miti ya malisho, maana hapa wengi hudanganyika. Kaliandra na lusina zote hazina miiba, zote zina majani yaliyogawanyika mara mbili, na miche yake katika vifuko vyeusi hufanana sana. Tazama kikonyo cha jani, chini kidogo ya mahali nyuti ndogo za kwanza zinapoanzia. Lusina ina tezi pale, kidoa kidogo kilichoinuka kama kichwa cha pini. Kaliandra haina.

Kwa nini tujali? Kwa sababu matumizi yake si mamoja. Lusina ni lishe nzuri, lakini ndani yake mna kitu kinachoweza kuwanyonyoa manyoya punda na nguruwe, na hata ng'ombe asipewe zaidi ya theluthi ya chakula chake chote. Tena mwaka 1992 aliingia Kenya mdudu mdogo afyonzaye utomvu wa machipukizi ya lusina, akaharibu mashamba mengi ya mti huo. Kaliandra haikusumbuliwa naye. Yapasa kaliandra ilishwe ikiwa mbichi, na maofisa wa ugani hukadiria kwamba kilo 3 za majani yake mabichi ni sawa na kilo 1 ya chakula cha dukani cha ng'ombe wa maziwa. Mwenye ng'ombe wa gredi na ajue basi ni ipi aliyoipanda.

Sesbania, ambayo Waluo huiita oyieko, ni ya tatu katika kundi hili. Hiyo jani lake limegawanyika mara moja tu, na vitawi vyake ni laini. Hukua upesi na kufa upesi, na huliacha shamba likiwa na rutuba.

5. Ukivunja kitawi, kinatoa nini?

Vunja kikonyo, usubiri kidogo. Miti mingi hutoa maji tu. Mingine hutoa maziwa meupe. Watu wengi husema, “Mti wa maziwa ni sumu.” Neno hilo si kweli lote, wala si uongo wote.

Mkuyu, ambao Waluo huuita ng'owo, una maziwa. Hata hivyo mbuzi hula majani yake na watu hula matunda yake. Utautambua kwa dalili ya pili: ncha ya kitawi imefunikwa na ala kama kofia ndefu, na kofia hiyo ikianguka huacha alama ya pete kuzunguka kitawi. Maziwa pamoja na pete ni ukoo wa mkuyu.

Mnyaa, yaani ojuok wa nyua zetu za zamani, una maziwa pia, lakini hauna pete. Vitawi vyake ni vya mviringo kama penseli, vya kijani, na karibu havina majani. Maziwa yake yakiingia machoni huunguza vibaya, na yaweza kumpofusha mtu. Anayekata ua wa mnyaa na afunike macho, asimame upande upepo unakotoka, na asijifute uso kwa mkono. Yakiingia, osha kwa maji safi mengi kwa muda mrefu, kisha uende hospitali bila kukawia.

Wa tatu ni oleanda ya manjano. Huu hupandwa sana kama ua au pambo mbele ya nyumba, maana mbuzi hawaugusi na majani yake hung'aa. Majani ni mamoja, membamba marefu, yamesongamana kuzunguka kitawi kwa kupishana. Maua ni ya manjano kama kengele, na tunda la kijani lina pembe. Ukivunja, hutoa maziwa. Mti huu wote ni sumu ya moyo: mbegu, majani, gome na maziwa. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na huu kweli u mlangoni mwetu. Ng'ombe hauli akiwa na hiari. Hatari huja siku ya kupogoa, wakati wa kiangazi, mtu anapotupa matawi upande wa boma na ndama mwenye njaa akala. Majani yakinyauka sumu haitoki. Watoto nao huokota mbegu wachezee. Ukimwona mtoto aliyezila anatapika, au mapigo ya moyo hayaendi sawa, mpeleke hospitali mara hiyo pamoja na kitawi, ili daktari ajue ni mti gani. Kwa mnyama, mwite daktari wa mifugo. Mabaki ya kupogoa yazike kwenye shimo refu. Usiyachome jikoni, wala usiyatumie kama kijiti cha kuchomea nyama.

Basi fundisho la sehemu hii: usihukumu kwa dalili moja. Maziwa pekee hayatoshi. Chukua dalili tatu zinazokubaliana.

Hata mti usio na maziwa waweza kuwa hatari. Lantana, ambayo wengi katika Nyanza huiita nyabend-winy, hutoa maji tu. Ujue kwa vidole: kitawi chake kina pembe nne na vimiiba vidogo, majani hukabiliana na hukwaruza kama msasa, na ukiyasugua hunuka kwa nguvu. Ng'ombe wakiila kwa njaa huharibika ini, na ngozi yao huungua juani. Wang'oe mapema kwenye malisho, kabla haijafunga.

6. Kitawi kinene, jani kubwa

Kufikia hapa tumetumia kitawi kama kitambulisho. Sasa tujiulize: kwa nini vitawi vinatofautiana?

Mwaka 1949 mtaalamu wa mimea Mwingereza, E. J. H. Corner, aliandika kanuni rahisi: kadiri kitawi kinavyokuwa kinene, ndivyo majani yake yanavyokuwa makubwa, na kadiri mti unavyogawa matawi mengi, ndivyo vitawi na majani yanavyokuwa madogo. Ijaribu mwenyewe. Mpapai, ingawa shina lake si la mbao, hautoi matawi mengi, ni mnene, na jani lake ni kama mwavuli. Mpera una vitawi vingi vyembamba na majani ya wastani. Sababu yake yaeleweka: jani kubwa ni zito na hunywa maji mengi, hivyo lahitaji mkono wenye nguvu wa kulishika na mifereji mipana ya kulinywesha. Katika kupima, kumbuka kanuni yetu ya jicho: hesabu jani zima, si kijani kimoja. Mjakaranda una vijani kama punje, lakini jani zima ni refu kuliko mkono wa mtoto, na ndiyo maana kitawi chake si chembamba.

Namna ya mmea nayo hubadili kitawi. Mti hutumia mali yake kujenga shina moja imara. Kichaka, kama kaliandra au lantana, hutoa mashina mengi kutoka chini, na ukikikata huchipua tena upesi. Ndiyo maana twavuna kaliandra mara kwa mara bila kuiua. Mmea utambaao, kama mpasheni, hauna haja ya shina nene kwa kuwa huegemea wengine. Hutumia mali yake kwa urefu: pingili zake ni ndefu, vitawi vyembamba, na una vikamba vya kujishikia. Ukiona mche una pingili ndefu kupita kiasi, basi ama ni wa kutambaa, ama umekulia kivulini na ni dhaifu. Usiununue kabla hujajua ni lipi.

Mahali nako huchangia. Kando ya ziwa huota mti mwepesi sana wenye majani ya vijani vidogo, ambao wavuvi hukata shina lake kufanya maboya ya nyavu. Miguu yake imo majini, haujali kiu, hukua upesi, na mti wake ni laini kama kifuniko cha chupa. Mjunju wa Kano hupigana na kiangazi, hukua polepole, na kitawi chake ni kigumu.

Mvinje umefika mbali zaidi. Zile nyuzi za kijani uzidhaniazo kuwa majani ni vitawi. Zivute taratibu, zitakatika penye pingili, na kwenye kila fundo utaona duara la vimeno vidogo. Vimeno hivyo ndivyo majani. Mvinje, kama mnyaa, umevipa vitawi kazi ya majani ili usipoteze maji.

7. Jani laini na jani gumu: lipi la mbolea?

Mti hulijenga jani kwa gharama. Mti wa mahali penye rutuba na unyevu hujenga jani jembamba, laini, lenye chakula kingi, na huliacha lianguke baada ya muda mfupi. Mti unaoishi kwa kubana matumizi hujenga jani nene, gumu, na kulitunza muda mrefu, kama mtu wa fedha kidogo anunuavyo koti zito ili limtumikie miaka mingi.

Hili lahusu mfuko wako moja kwa moja. Jani laini likizikwa huoza upesi na kuilisha mimea msimu huohuo. Jani gumu huoza polepole. Halifai kwa mbolea ya haraka, lakini lafaa kufunika udongo usikauke.

Alizeti-pori, kile kichaka cha maua ya manjano kilichoenea kando ya njia zetu, ni mfano bora wa jani laini. Asili yake ni Mexico. Utafiti uliofanywa magharibi mwa Kenya, pamoja na eneo la Maseno, ulionyesha kwamba katika kila kilo 100 za majani yake yaliyokaushwa kabisa mna kwa wastani kilo 3.5 za nitrojeni, kilo 0.37 za fosforasi na kilo 4.1 za potasiamu. Sehemu kubwa ya jani bichi ni maji, kwa hiyo mzigo unaohitajika ni mkubwa na kazi ni nyingi. Kwa hiyo wenye busara huitumia kwanza kwenye bustani ya mboga, mahali padogo penye faida kubwa. Kumbuka pia kwamba kichaka hiki hakitengenezi nitrojeni kutoka hewani kama sesbania na kaliandra. Hukusanya tu iliyomo udongoni. Ukikata kila mara mahali pamoja bila kurudisha kitu, utapachosha.

Kaliandra, ingawa jani lake ni dogo, ina ukali unaokausha ulimi, ule uliomo pia katika majani ya chai. Ukali huo huchelewesha kuoza. Basi kaliandra impitie ng'ombe kwanza, kisha samadi iende shambani.

Usiniamini kwa maneno tu. Chukua mifuko miwili ya wavu ya vitunguu. Mmoja ujaze majani mabichi ya alizeti-pori, wa pili ya mwembe, uzito sawa. Izike kina cha kiganja, mahali pamoja, mvua zinapoanza. Ifukue baada ya wiki nne, uitazame.

8. Chipukizi la mgeni

Jambo la mwisho lawahusu wenye michungwa na miembe ya kuunganishwa. Mti wa kuunganishwa ni miti miwili: chini ni shina la mti mkali wenye mizizi yenye nguvu, aghalabu mlimau wa ganda la makunyanzi kwa michungwa yetu, juu ni mchungwa mtamu. Mara nyingine chini ya kiungo huchipua tawi. Hukua kwa haraka, limenyooka, lina miiba mingi na mirefu, na majani yake hayafanani na ya juu. Mkulima hufurahi akidhani mti umestawi. Kumbe huyo ni mgeni anayekula chakula cha mwenyeji! Ukimwacha, baada ya miaka michache utavuna malimau makali. Kila mwezi pita chini ya kiungo, linganisha jani na jani, mwiba na mwiba, na chipukizi lisilofanana na la juu uling'oe likingali changa.

Mkulima wa kahawa naye akumbuke kwamba mkahawa una vitawi vya namna mbili: vya wima, na vya pembeni vinavyozaa. Akitaka kupanda kwa kipande, achukue cha wima. Kipande cha tawi la pembeni huendelea kulala pembeni na hakisimami kuwa mti.

9. Kazi ya nyumbani

Jumamosi moja asubuhi, pita katika ua wako na mtoto wako. Kata kitawi kimoja kimoja, urefu wa kiganja, cha kila mti. Kwa kila kimoja jibu maswali haya, na mtoto aandike:

1. Jicho liko wapi, na jani zima ni lipi?
2. Ni jani moja, au limegawanyika mara moja, au mara mbili?
3. Majani yanapishana, yanakabiliana, au yanazunguka fundo?
4. Kuna mwiba, tezi, kijigamba, au alama ya pete?
5. Kinapovunjwa hutoa maji au maziwa? Harufu ikoje?
6. Jani ni laini au gumu? Kitawi ni kinene au chembamba?

Baada ya kushika maziwa yoyote nawa mikono kwa sabuni. Kitawi usichokijua kikunje ndani ya gazeti, uandike mahali ulipokikata, umpelekee Bwana Shamba au kituo cha utafiti wa misitu cha Maseno. Na mche wa jina usilolijua usiupande mpaka umeupitisha kwenye maswali hayo sita mbele ya muuzaji. Muuzaji mwaminifu hatakasirika, na asiye mwaminifu utakuwa umemjua.

Ua wa oleanda ya manjano ukiwa karibu na boma la ndama au uwanja wa watoto, usingoje kiangazi. Ung'oe mwezi huu, na mahali pake panda kaliandra, ukiwa umekwisha kuhakikisha kwamba kikonyo chake hakina tezi.